Zamu ya Saa Kumi

Lugendo, mwenyekiti wetu wa Mashariki, alinizaba kofi kabla sijamaliza kumwomba. Lilikuwa kofi la mkono wa kushoto, ambalo mtu halitarajii, na pete yake ya ndoa ikanichana mdomo. Nilimeza damu yangu mbele ya wageni wake wa harusi, nikatazama saa ya ukutani. Saa tisa na dakika thelathini na nane.

"Rudia," akasema. "Rudia, fundi, na hawa wakusikie."

"Nakuomba uachie zamu ya uwanja," nikasema. "Saa moja tu. Weka kidole kwenye kile kioo cha mlangoni, basi. Wanaume wamekwenda kumzika Mzee Yunge. Uwanjani wamebaki akina mama, wamekaa chini kwenye mikeka, na hawawezi kuondoka mpaka waliokwenda makaburini warudi. Unalijua hilo, Baba Leokadia. Hukuja Tabora jana."

"Na mimi leo namwozesha mwanangu. Zamu niliiandikisha tangu mwezi wa pili. Saa kumi jioni mpaka saa nne usiku. Imo, haimo?"

"Imo."

"Ahaa."

Mkewe alikuwa amekaa kwenye kochi na kitenge chake kipya, kichwa kimeinama. Hakuninyanyulia macho hata mara moja. Lugendo alimwonyesha kwa kidevu.

"Mwaka jana huyu alikanyaga uwanja nje ya zamu. Alikuwa anamkimbilia mtoto, na mimba ya miezi saba. Vigae vikamuuma, akaangukia tumbo. Nilikwenda kwa Yunge nikapiga magoti mlangoni kwake. Nikamwambia, mzee, achia zamu niingie nimtoe mke wangu. Alinijibu nini? Sema wewe, ulikuwepo."

Nilikuwepo. Mzee Yunge, mwenyekiti wa Ghorofa la Magharibi, alikuwa ameanika mihogo uwanjani, na alijibu kwamba mihogo haijakauka.

"Nenda kamwambie mjane wake," akasema Lugendo. "Mwambie mihogo yangu nayo haijakauka."

Wageni wengine walicheka. Mimi nilitoka na mdomo unavuja, na hasira yangu, nakiri, haikuwa kwa Lugendo peke yake. Nilikuwa na hasira na kila mtu wa Maghorofa ya Isenga, wa Mashariki na wa Magharibi, hai na maiti, na zaidi ya wote nilijikasirikia mimi niliyewatengenezea lile dude.

*

Kwenye ngazi za ghorofa ya kwanza nikakutana na vijana kumi na wawili wa kwetu Mashariki, wameshika nondo na mipini ya majembe. Kaka yangu Mhoja, mmoja wa hao kumi na wawili, alikuwa mbele. Alikuwa amevaa viatu vyake vyeusi vya harusi, vimepigwa rangi vikang'aa.

"Nani kakupiga?" akaniuliza.

"Achana na nani kanipiga. Mnakwenda wapi na hayo manondo?"

"Kung'oa turubai. Saa kumi wapambaji waanze kazi. Tumewatumia ujumbe mara tatu, hawasikii."

"Kuna matanga pale, kaka."

"Matanga ya Yunge." Alipanua mdomo nione pengo. Meno mawili ya mbele Mzee Yunge aliyatoa kwa mchi wa kutwangia, miaka minne nyuma, waligombania kivuli cha kuegesha pikipiki. "Mimi simlilii."

"Humlilii Yunge, sawa. Na mjane wake, Bi Mwamini, je? Uji wa nani tulikunywa mama alipokuwa kazini kwenye treni?"

Alihamisha nondo kutoka mkono huu kwenda huu, akaangalia pembeni. Vijana wakaanza kumsukuma kwa mabega, twende, twende. Nikamshika mkono.

"Basi nisikilize hili moja. Umeme wa vigae uko ngazi ya tano siku hizi. Ukifika kule viatu visitoke mguuni, hata itokee nini."

"Kwani naenda msikitini?" akasema, akacheka kwa lile pengo lake, akateremka.

*

Kabla ya Zamu, uwanja ule kati ya maghorofa mawili ulikuwa wa wote, na kwa hiyo damu ilimwagika pale kila wiki. Watu walipigania kamba za kuanikia nguo, jiko la kuchomea nyama, mpira wa watoto, maturubai. Mwaka ambao mtu mmoja alipasuliwa jicho, jiji likaniita mimi, mtoto wa palepale, nikatandika vigae mia tisa na sitini juu ya betri.

Zamu hailindi mlango. Kinachojua ni kigae chenyewe. Ukipiga hatua tatu kinakutambua kwa mwendo wako, jinsi kisigino kinavyotua na jinsi unavyojivuta, kikajua wewe ni wa ghorofa gani na kama saa hiyo ni yenu, wala hakikusahau ukikaa. Kama si yenu, kinawaka njano chini ya mguu wako kwa nusu dakika, kisha chekundu nusu dakika nyingine, halafu kinakuuma kwa umeme. Saa isiyoandikishwa na upande wowote ni ya wote, nayo leo ilikuwa hivyo mpaka saa kumi. Mtoto aliyebebwa hahesabiwi, kwa sababu hapigi hatua. Kwa hiyo akina mama wa pande zote waliwahi kubebeana watoto kuvuka, mpaka wakanuniana wakaacha.

Mtu wa kusamehewa hakuna. Nilikataa mwenyewe, hata fundi asisamehewe. Nikakataa pia fundi awe na uwezo wa kuzima, nisije nikahongwa. Kuzima kunataka vidole viwili, cha mwenyekiti wa Mashariki na cha mwenyekiti wa Magharibi, kwa pamoja; kuachia zamu ya upande wako ndiko kunakotaka kidole kimoja. Wakati huo nilijipiga kifua kwa busara hiyo. Sasa cha Mashariki alikuwa nacho Lugendo, na cha Magharibi kilikuwa ndani ya sanda, njiani kwenda udongoni, na watu wa Magharibi hawakuwa wamechagua mwingine.

Ngazi ya tano ya umeme, ya juu kabisa, waliipigia kura wenyewe. Ilikuwa baada ya mke wa Lugendo kuanguka kwa ngazi ya pili, na kila upande ulitaka mwingine aumie zaidi. Mikono yote ilinyooka. Niliwaeleza: mtu mwenye viatu ataanguka, atang'ata ulimi, atainuka. Sikuwaeleza habari za mbuzi. Niliijaribu ngazi ya tano kwa mbuzi aliyelowa, kwato juu ya kigae chenye maji, na tulipomfikia na kisu alikuwa ameshakufa. Niliandika ukurasa wa arobaini wa ripoti kwamba uwanja utumiwe na watu waliovaa viatu. Kibarua mmoja aliuliza, na mkekani je? Nikamwambia uwanjani hakuna mikeka. Mimi, niliyelelewa mkekani.

*

Kibanda changu kiko pembeni mwa uwanja, upande wa tangi la maji. Nilifika nikihema, saa tisa na dakika hamsini na moja, na tayari walikuwa wanapigana.

Vijana walikuwa wamekwisha kukata kamba mbili za turubai. Mwanamke mmoja, Chausiku, mkwe wa marehemu, aliikumbatia nguzo kwa mikono yote miwili asiiachie. Kijana aliyevaa suti ya kijivu alimpiga nondo kwenye kigasha. Nilisikia mfupa ukivunjika kutoka kule nilipokuwa. Chausiku hakulia. Alimrukia akamng'ata sikio, akang'ang'ania, na yule kijana akazunguka naye huku anapiga yowe na damu inamtiririka kwenye kola nyeupe.

"Wauaji!" akina mama walipaza sauti. "Mnapiga wafiwa!"

Wanawake wa jikoni wakaja. Walikuwa wakipika chakula cha watakaotoka makaburini, sufuria kubwa mbili, wali na maharage. Wawili waliinua ile ya maharage kwa vitambaa, ikitokota, wakaimwaga yote kwa mkupuo mmoja kwenye miguu na mapaja ya waliokuwa mbele. Kijana mmoja alianguka akijishika suruali, akijaribu kuivua, na ngozi ikatoka nayo. Mwenzake alimjibu mwanamke wa karibu kwa mpini wa jembe mgongoni, mara mbili, mara tatu, naye alikuwa ameshalala.

Mchuzi wenye chumvi ukatambaa juu ya vigae mpaka chini ya mikeka. Niliutazama unavyokwenda nikamkumbuka yule mbuzi. Juu ya mikeka ile walikaa wanawake zaidi ya arobaini, vikongwe, wanaonyonyesha, wote miguu mitupu, kandambili zao zimepangwa pembeni. Katikati alikuwa Bi Mwamini, amejifunika nguo nyeupe ya eda.

Nilichukua kipaza sauti.

"Akina mama, ni mimi Kabula! Saa kumi itawauma! Ondokeni vigaeni! Kama hamwondoki, vaeni viatu, nawaomba, vaeni viatu!"

Wengine waligeuka. Sauti ya Bi Mwamini ikanifikia, nyembamba, bila hasira.

"Kabula mwanangu, mkeka wa msiba haukanyagwi na viatu. Na mume wangu bado hajafukiwa. Tutaondoka twende wapi?"

"Itawaua, mama!"

"Wewe ndiye uliyeitengeneza," akasema. "Iambie tumefiwa."

Upande wa pili wa turubai ukakatwa kamba. Kitambaa kikashuka kati yangu na wao, nisiweze kuona chochote isipokuwa kioo cha kazini, ambacho kinaonyesha watu kama vidoti. Magharibi ni vyeupe, Mashariki ni vya bluu. Kidoti hakina uso wala viatu.

*

Saa kumi ikafika. Kelele zikapungua upande wa pili wa turubai, na nikajua mikeka imeanza kung'aa njano kwa chini.

Kuna kitu kimoja fundi anaweza kufanya. Anaweza kugeuza zamu, kwa ajili ya kupima vigae. Ya Mashariki ikawa ya Magharibi, kwa kubonyeza mara moja. Hesabu ya onyo haianzi upya inapogeuzwa. Kama wekundu unakaribia kuisha chini ya akina mama, kuumwa kunahamia papo hapo kwa watu wa Mashariki walioko uwanjani.

Niliwaza haraka na niliwaza vibaya, lakini niliwaza. Zamu hii ilikuwa haki ya Lugendo. Niliapa mbele ya watu wote, na Lugendo akiwa mmojawapo, kwamba sitageuza kumfaidia yeyote. Nikigeuza leo kwa ajili ya msiba, kesho nitageuza kwa ajili ya mgonjwa, keshokutwa kwa ajili ya shangazi yangu, na watu watarudi kwenye michi. Tena hao vijana walikuwa kwenye saa yao halali. Kumpiga umeme mtu aliye kwenye saa yake ni kosa, hata kama ni mshenzi. Na kaka yangu alikuwa kati yao.

Upande mwingine kulikuwa na wanawake arobaini waliolowa mchuzi wa chumvi, miguu mitupu.

Njano ikageuka nyekundu.

Walio bluu wana viatu, nikajiambia. Wataanguka, watang'ata ndimi, watainuka. Nitamwomba Mhoja msamaha kesho akiwa na ulimi umevimba, nitampelekea supu ya mtori. Hata hivyo kidole changu hakikushuka. Nasema ukweli: niliogopa. Niliogopa watu wa ghorofa langu watakavyonifanya wakijua nimewauza.

Kisha kidoti kimoja cha bluu kikajitenga na vingine. Kioo kikaandika jina: Mhoja. Kilikwenda moja kwa moja kuelekea katikati ya vidoti vyeupe, kikasimama kidogo ukingoni, kikaingia. Kilielekea kwa Bi Mwamini. Nikamwona kichwani mwangu na ile nondo, na lile pengo, na miaka minne ya chuki, anamwendea kikongwe aliyekaa chini.

"Mhoja, usithubutu!" nikapiga kelele peke yangu ndani ya kibanda, nikabonyeza, wekundu ukiwa kwenye sekunde zake za mwisho.

Kuumwa kulidumu sekunde mbili. Walipiga kelele wote kwa mara moja, kelele ya wanaume watu wazima, halafu nondo na mipini ikaanguka kwenye vigae, na baada yake miili. Vidoti vya bluu vyote vilitulia. Nikavihesabu vikianza kusogea. Kimoja, vitatu, saba, kumi, kumi na kimoja.

*

Nilipita chini ya turubai kwa magoti. Vijana walikuwa wakijikokota kuelekea nje ya uwanja, mmoja anatapika, mwingine anatema ulimi wake vipande. Yule wa maharage alikuwa analia anamwita mama yake. Wote walikuwa na viatu.

Ukingoni mwa mkeka, karibu na kandambili za akina mama, vilikuwepo viatu vyeusi vya harusi vimewekwa pamoja vizuri, soksi zimekunjwa ndani. Nondo ilikuwa imelazwa chini kando yake.

Mhoja alikuwa amelala kifudifudi, nyayo zake zimegeuka juu, nyeusi kama sufuria ya kuni. Nikavua buti zangu palepale. Sikufikiri, miguu ilijivua yenyewe. Nikakanyaga mkeka uliolowa, nikamgeuza kaka yangu. Macho yalikuwa wazi. Nilimpiga kifua kwa ngumi, nikampulizia mdomoni, nikampiga tena mpaka Chausiku, mwenye mkono mmoja uliovunjika, akanishika kwa ule mzima.

"Amekwisha, dada. Mwache."

"Alikuwa anakuja kukupiga," nikamwambia Bi Mwamini. Nilikuwa namsihi aseme ndiyo. "Mama, alikuwa anakuja kukupiga. Niliona."

Bi Mwamini alikuwa ameukunjia mkono wa kulia kifuani. Aliufungua. Kiganja kilikuwa kimeungua chote, ngozi imejikunja, na alama za vidole vya mtu mwingine zilibaki nyeupe katikati.

"Alipiga hodi," akasema. "Alisema, hodi mama, pole kwa msiba. Nikamwambia karibu, mwanangu. Nikampa mkono."

Nililia. Sikulia kwa staha, nililia kwa matusi, nikimtukana Yunge aliyekuwa kaburini na mihogo yake, nikimtukana Lugendo, nikijitukana mimi na ukurasa wangu wa arobaini. Nyuma yangu nilimsikia Lugendo, kelele za vijana zimemtoa harusini, anakuja mbio, anapiga kelele kutoka ukingo wa vigae kwamba ameshaweka kidole, ameachia zamu. Alikuwa ameachia zamu ambayo nilikwisha kumnyang'anya. Kioo kilikuwa kimepokea kidole chake na hakikuwa na la kukifanyia.

"Dada," akasema Chausiku polepole. "Dada Kabula, angalia chini."

Chini ya magoti yangu mkeka ulikuwa unang'aa njano. Mimi ni wa Mashariki. Nilipiga hatua zaidi ya tatu kumfikia kaka yangu, na saa ile, kwa kidole changu mwenyewe, ilikuwa zamu ya Magharibi.

"Vaa viatu uondoke," akasema Bi Mwamini. "Upesi."

"Siendi."

"Kabula!"

"Siendi, mama. Siondoki hapa."

Na kweli sikutaka kuondoka. Nilimkumbatia Mhoja kichwa, nikausubiri ule wekundu, na ulipokuja nikaona afadhali. Wanawake wa karibu walianza kusogea nyuma kwa makalio, wakivuta watoto, kwa maana mchuzi ulikuwa umetuunganisha sote.

Bi Mwamini hakusogea nyuma. Alipitisha mkono wake ulioungua chini ya kwapa langu, akaguna kwa maumivu, akavuta. Mwili wangu ni mkubwa kuliko wake mara mbili. Chausiku akanishika miguu kwa mkono wake mmoja, akafika mwingine, na mwingine, wale wale walioanza kukimbia, wakaninyanyua juu kama wanavyonyanyua jeneza. Vidole vyangu viliachana na nywele za kaka yangu. Wakaniweka mapajani kwa mjane, miguu yangu nayo wakaipakata, hakuna sehemu ya mwili wangu iliyogusa mkeka.

Wekundu ukazimika; aliyebebwa hahesabiwi.

Tulikaa hivyo, mimi mama mzima wa miaka thelathini na tisa nimepakatwa, mpaka wanaume waliporudi kutoka makaburini na majembe yao mabegani, wakaambiwa wasiyaweke chini, kuna kaburi la pili.